Kazi Marekani kwa pasipoti ya Kanada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu TN

TN ni nini hasa?

Ni ruhusa ya kuingia Marekani na kufanya kazi kwa muda, wanayopewa raia wa Kanada na Meksiko wenye taaluma zilizotajwa kwenye mkataba wa biashara wa nchi hizo tatu. Ilianza na mkataba wa NAFTA, 1 Januari 1994. USMCA (Wakanada huuita CUSMA) uliposhika nafasi ya NAFTA tarehe 1 Julai 2020, jina la TN lilibaki na masharti yake karibu yote yalibaki. Sehemu inayohusika ni Sura ya 16, na orodha ya taaluma iko kwenye nyongeza ya sura hiyo.

Kila unapopewa, unapewa hadi miaka 3. Hakuna kikomo cha idadi ya watu kwa mwaka wala bahati nasibu, na mwajiri hapeleki ombi lolote Wizara ya Kazi kwanza. Viza ya H-1B, ya wafanyakazi wa kitaalamu kutoka nchi yoyote, ina nafasi 85,000 tu kwa mwaka, na Septemba 2025 maombi mapya ya walio nje ya nchi yaliwekewa malipo ya dola 100,000. Malipo hayo hayaihusu TN. Mkanada mwenye karatasi zilizokamilika anaweza kupata jibu lake siku ileile, akiwa bado amesimama dirishani kwa afisa wa mpakani.

Nina ukaazi wa kudumu wa Kanada na pasipoti ya Tanzania. Ninaweza kuomba?

Hapana. TN ni ya raia peke yao. Kadi ya PR haitoshi, hata ukiwa umekaa nayo miaka 20. Aliyepewa uraia baadaye na aliyezaliwa nao wako sawa, kinachoangaliwa ni uraia ulio nao leo.

Tunajua jibu hili linawauma wengi, hasa Watanzania na Wakongo wa DRC, kwa sababu sheria za nchi hizo hazimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya anaruhusiwa tangu Katiba ya 2010, na Mganda tangu sheria ya 2009. Uraia wa Kanada unaombwa baada ya kukaa humo siku 1,095 ndani ya miaka 5. Kwa Mtanzania uamuzi huu unagusa hata kiwanja cha nyumbani, maana sheria ya Tanzania inamwekea asiye raia mipaka ya kumiliki ardhi. Usibadili uraia kwa ajili ya ofa moja ya kazi ya miaka 3 kabla ya kukaa na familia na mwanasheria.

Taaluma zipi zimo?

Ni zaidi ya 60. Wamo wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo, wanasheria, wakutubi, wapima ardhi, wapangamiji, wanauchumi, maofisa ustawi wa jamii, wauguzi waliosajiliwa, wafamasia, madaktari wa meno na wa mifugo, wataalamu wa fiziotherapia, wataalamu wa lishe, wataalamu wa maabara ya tiba, wanasayansi wa aina nyingi kuanzia jiolojia hadi kilimo, na walimu wa vyuo na vyuo vikuu. Mkanada anayekwenda kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Marekani anaingia kwa kifungu hicho cha mwisho.

Kwa taaluma nyingi kipimo ni shahada ya kwanza katika fani inayohusika. Baadhi zina njia mbadala. Mhandisi anaweza kuonyesha leseni ya jimbo badala ya shahada. Mhasibu anaweza kuonyesha cheti cha kitaaluma cha CPA. Muuguzi anaonyesha leseni ya jimbo.

Wasiokuwemo ni wengi, na miongoni mwao ni kazi ambazo ndugu zetu wengi wanazifanya: madereva wa malori, wasaidizi wa wagonjwa majumbani na kwenye vituo vya wazee, walimu wa shule za msingi na sekondari, wapishi, mafundi umeme na mafundi bomba. Daktari wa binadamu yumo, lakini kwa kufundisha au utafiti tu. Kutibu wagonjwa kusiwe ndiyo kazi yake.

Cheo nilichopewa hakimo kwenye orodha. Basi nimekosa?

Si lazima. Afisa haangalii cheo kilichoandikwa kwenye mlango wa ofisi yako, anaangalia kazi utakayoifanya kila siku. Kampuni inaweza kukuita "mratibu wa fedha daraja la pili" na bado kazi ikawa ya mhasibu. Kinyume chake pia ni kweli: wakikuita mhasibu huku kazi yenyewe ni kuingiza ankara kwenye mfumo na kulipa wauzaji, hiyo ni kazi ya karani wa hesabu, na utarudishwa.

Vitu vitatu vinatakiwa kuingiana: cheti chako, majukumu yako, na jina moja la taaluma kwenye orodha. Maombi mengi yanayokataliwa yanakatikia hapo, mara chache sana ni suala la uaminifu wa mwombaji.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Niombe kwa jina gani?

Jina lililomo ni mchambuzi wa mifumo ya kompyuta. Linataka shahada, au diploma pamoja na uzoefu wa miaka 3. Programa hayumo. Ikiwa siku yako nzima ni kuandika msimbo, kifungu hiki hakikufai. Ikiwa kazi ni kuchunguza mahitaji ya watumiaji, kusanifu mfumo, kuchagua teknolojia na kusimamia majaribio, na msimbo ni sehemu ndogo tu, barua iseme hivyo waziwazi.

Wengi hujaribu kuingia kama wahandisi kwa sababu kampuni imewaita wahandisi wa programu. Njia hiyo inafaa mwenye shahada ya uhandisi au leseni ya uhandisi. Mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta atahojiwa sana, na wengi hukataliwa.

Diploma nayo ina mtego. Kwa masharti ya TN, diploma ni ile ya miaka 2 au zaidi iliyotolewa na chuo kinachotambuliwa cha Kanada au Marekani. Diploma ya Dar es Salaam au Nairobi haihesabiwi kwenye kifungu hicho, hata ikiwa nzuri namna gani.

Shahada yangu ni ya Makerere, Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa. Inakubaliwa?

Inakubaliwa, ila lazima iambatane na tathmini ya wakala anayetambuliwa kwa kazi ya kulinganisha vyeti vya nje. Kanuni hii inahusu kila shahada iliyopatikana nje ya Marekani, Kanada na Meksiko.

Tahadhari kwa waliohamia Kanada kwa mfumo wa Express Entry: ile ripoti ya ECA (tathmini ya vyeti vya nje) mliyotumia inasema shahada yenu ni sawa na kiwango gani cha Kanada. Afisa wa Marekani anataka kujua ni sawa na shahada gani ya Marekani na katika fani gani. Agizeni ripoti mpya inayosema hayo mawili. Mwenye graduat na licence kutoka Kongo apeleke vyeti vyote viwili pamoja na orodha za alama, asipeleke cha juu peke yake.

Angalia majina pia. Cheti cha nyumbani kina majina matatu, pasipoti ya Kanada ina mawili, na mama aliyeolewa ana la mume. Beba cheti cha ndoa au hati ya kiapo inayounganisha majina hayo, kwa sababu afisa hana namna nyingine ya kujua kwamba Asha Juma Salum na Asha Mwinyi ni mtu mmoja.

Barua ya mwajiri iandikweje?

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Barua ndiyo ombi lenyewe, na mara nyingi ndiyo karatasi pekee ambayo afisa ataisoma mstari kwa mstari. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, isainiwe na mtu mwenye mamlaka, iwe na tarehe ya karibuni, isizidi kurasa 2 au 3. Kanuni zinataka iseme haya:

- taaluma unayoombea, kwa jina lilelile lililo kwenye orodha ya mkataba;
- kazi utakazofanya siku hadi siku;
- muda utakaokaa, usiozidi miaka 3;
- elimu na sifa zako zinazokidhi taaluma hiyo;
- mshahara au namna nyingine utakavyolipwa.

Pengo kubwa huwa kwenye kazi za siku hadi siku. Barua dhaifu inasema: "Atashughulikia masuala ya fedha na kuisaidia timu katika miradi mbalimbali." Sentensi hiyo inaweza kumhusu mtu yeyote ofisini. Barua iliyokaa sawa inasema: "Ataandaa taarifa za fedha za mwisho wa mwezi na wa mwaka kwa kufuata kanuni za uhasibu za Marekani, atasuluhisha hesabu za benki na leja kuu za matawi manne, atakokotoa kodi ya mapato ya kampuni, na atatayarisha nyaraka kwa wakaguzi wa nje." Ongeza makadirio ya muda, mathalani asilimia 40 kwa hili na 25 kwa lile, ili ionekane kazi ya taaluma ndiyo inayokula siku.

Neno la kuepuka ni "kazi ya kudumu". TN ni ya muda, na barua inayosema unaajiriwa bila kikomo inajipinga yenyewe. Kazi yenyewe inaweza kuendelea kuwepo baada yako. Kinachotakiwa ni kwamba kukaa kwako wewe kuwe na mwisho. Tunashauri pia usome barua kabla haijasainiwa. Ofisi nyingi za rasilimali watu zinanakili barua ya mfanyakazi aliyepita na kubadilisha jina tu, na mwombaji anafika dirishani na barua inayotaja shahada asiyokuwa nayo.

Kwa nini inasemwa mshauri wa menejimenti ni kifungu cha hatari?

Kwa sababu kinakubali shahada au uzoefu wa miaka 5, watu wengi wasiopata pengine wamekikimbilia, na maafisa wanakikagua kwa jicho kali. Mshauri hutoka kampuni ya ushauri au hujitegemea kwa mkataba wa mradi wenye mwanzo na mwisho. Ukiajiriwa moja kwa moja na kampuni, usiwe unajaza nafasi iliyopo au nafasi mpya ya kudumu. Ukipelekwa kuwa meneja wa kawaida mwenye watu chini yake, hicho si kifungu chako.

Mimi ni muuguzi Ontario. Leseni yangu inatosha?

Kwa kuonyesha sifa ya taaluma, leseni ya jimbo la Kanada inatosha. Lakini kuna karatasi nyingine mbili.

Ya kwanza ni cheti cha wahudumu wa afya, ambacho wengi wanakijua kama VisaScreen, kinachotolewa na shirika la CGFNS (siku hizi linaitwa TruMerit). Kinawahusu wauguzi, wataalamu wa fiziotherapia, wataalamu wa maabara ya tiba na wengine kadhaa, hata waliosoma Marekani kwenyewe. Kinadumu miaka 5. Kuchelewa kwake husababishwa zaidi na vyuo na mabaraza ya uuguzi ya nyumbani kuchelewa kutuma kumbukumbu moja kwa moja, kwa hiyo mtu aliyesomea uuguzi Afrika Mashariki aanze miezi kadhaa kabla na asisubiri ofa ya kazi. Daktari wa binadamu hahitaji cheti hiki.

Ya pili ni leseni ya jimbo la Marekani utakakofanyia kazi. Bila hiyo hospitali haiwezi kukuweka wodini, hata kama mpakani umepita salama.

Ninaombea wapi, na nibebe nini?

Mkanada hahitaji viza. Anaomba kwa maafisa wa CBP, idara ya forodha na mipaka ya Marekani, ama kwenye mpaka wa nchi kavu, ama kwenye ukaguzi wa Marekani ulio ndani ya viwanja vikubwa vya ndege vya Kanada kama Toronto Pearson, Montréal, Vancouver na Calgary. Beba pasipoti, barua, cheti halisi cha shahada, orodha ya alama, tathmini kama inahitajika, leseni, barua za waajiri wa zamani kama unatumia uzoefu, na uthibitisho kwamba una makazi au familia ya kurudia Kanada.

Kwa uwanja wa ndege, fika mapema sana. Utaelekezwa chumba cha ukaguzi wa pili, na ndege haikusubiri. Usiombe siku moja kabla ya kuanza kazi.

Njia nyingine ni mwajiri kupeleka fomu ya ombi I-129 kwa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ukiwa bado Kanada. Ni ghali na inachukua muda, ila unafika mpakani na idhini mkononi. Inamfaa mwenye kesi ngumu, au aliyewahi kukataliwa.

Inagharimu kiasi gani?

Ombi la mpakani ni dola 50 za Marekani. Kwa nchi kavu kuna pia ada ya I-94 (kumbukumbu ya kuingia kwako, yenye hadhi yako na tarehe ya mwisho ya kukaa), iliyopanda kutoka dola 6 hadi 30 mwishoni mwa Septemba 2025. Fomu I-129, tangu Aprili 2024, ni dola 1,015 (510 kwa mwajiri mdogo au shirika lisilo la faida), pamoja na ada ya mpango wa hifadhi ya wakimbizi ya dola 600 au 300 ambayo mashirika yasiyo ya faida hayatozwi. Ada hizi hubadilika, hivyo zihakikishe kwenye tovuti ya USCIS wiki ileile unayolipa.

Raia wa Meksiko anafuata njia hiyohiyo?

Hapana, yeye lazima apate viza kwanza: anajaza fomu ya viza DS-160, analipa dola 185, anahojiwa ubalozini. Taaluma na barua ni zilezile.

Nikikataliwa nifanye nini?

Uliza kwa utulivu ni kipi kilichopungua, na uandike jibu. Ukiona mambo hayaendi, omba kuondoa ombi lako na kurudi Kanada. Kuondoa ombi kunakuacha na nafasi ya kurekebisha barua na kurudi, hata baada ya siku chache. Amri ya kuondolewa haraka inafunga mlango kwa miaka 5. Usijaribu mpaka mwingine na karatasi zilezile, kwa kuwa mfumo wao ni mmoja na afisa wa pili ataona alichoandika wa kwanza.

Wengine hukwama kwa mambo yasiyohusu taaluma. Bangi ni halali Kanada tangu 17 Oktoba 2018, lakini kwa sheria ya shirikisho la Marekani ni haramu, na kukiri kuitumia kunaweza kukuzuia kuingia. Kama una hukumu ya zamani ya jinai, hata ya nyumbani, zungumza na mwanasheria kabla ya safari.

Nimepita. Kuna la kuangalia?

Ndiyo, I-94, na uiangalie siku hiyohiyo kwenye tovuti ya CBP. Hakikisha imeandikwa TN na si B-1 au B-2, ambazo ni hadhi za wageni wa muda mfupi, na tarehe ya mwisho ni ile uliyoomba. Pasipoti inayoisha baada ya miezi 14 mara nyingi hukupa miezi 14 tu badala ya miaka 3, na mtu hugundua siku ambayo tayari amepitiliza. Ukihuisha pasipoti kabla ya kuomba, tatizo hili linakwisha.

Mke wangu ana pasipoti ya Kenya. Ataweza kuja?

Mwenzi na watoto wasiooa wala kuolewa, walio chini ya miaka 21, wanapata hadhi ya TD, na hawalazimiki kuwa Wakanada. Tofauti iko kwenye njia: mwenzi Mkanada anapita nawe mpakani, mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaomba viza ya TD ubalozini kwanza. Pangeni safari zenu kwa kuzingatia hilo, na muangalie kama kuna agizo jipya la Marekani linalohusu uraia wa nchi yake.

Lete cheti cha ndoa cha serikali. Kwa ndoa ya Tanzania, kiwe kimesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kama kimeandikwa Kiswahili kiambatane na tafsiri ya Kiingereza. Mke wa pili hatambuliwi na sheria ya uhamiaji ya Marekani. TD anaruhusiwa kusoma lakini haruhusiwi kufanya kazi, na jambo hili liongeleweni nyumbani mapema, kwa sababu familia iliyozoea mishahara miwili Toronto itaishi kwa mmoja Houston.

Ninaweza kubadili mwajiri au kuwa na biashara yangu?

TN imefungwa kwa mwajiri uliyemtaja. Mwajiri mpya ni ombi jipya, mpakani au kwa I-129, na huanzi kazi mpaka likubaliwe. Wenye H-1B wanaweza kuanza ombi likishapokelewa, wewe huwezi. Waajiri wawili kwa pamoja inawezekana ikiwa kila mmoja ameombewa. Kujiajiri ndani ya Marekani hakuruhusiwi, na kampuni unayoimiliki na kuiendesha mwenyewe inahesabiwa kuwa kujiajiri.

Naweza kuongeza muda mara ngapi?

Hakuna idadi iliyowekwa. Unaweza kurudi mpakani na barua mpya, au mwajiri apeleke I-129 kabla ya I-94 kuisha. Ikipelekwa kwa wakati, unaendelea kazini kwa mwajiri huyohuyo hadi siku 240 ukisubiri jibu. Ila kadiri miaka inavyosonga, swali la nia ya kurudi linakuwa zito.

Nikiachishwa kazi?

Una hadi siku 60, au mpaka I-94 iishe, kutegemea kipi kinatangulia. Katika muda huo huruhusiwi kufanya kazi. Siku zinaanza kuhesabiwa kazi inapokoma, hata kama kampuni inaendelea kukulipa kiinua mgongo. Mkanada ana faida kubwa hapa: akipata ofa nyingine anaweza kutoka na kuomba upya mpakani.

Na bima ya afya na pensheni ya Kanada?

Kila jimbo lina sharti lake. Ontario inataka uwepo siku 153 ndani ya miezi 12, kwa hiyo wengi hupoteza OHIP, bima ya afya ya jimbo hilo, na wakirudi wanaomba upya. Michango ya pensheni haipotei: Kanada na Marekani zina makubaliano ya hifadhi ya jamii tangu 1984, na miaka ya pande mbili inaweza kuunganishwa unapotafuta sifa ya kulipwa.

Mkataba unapitiwa upya 2026. TN itafutwa?

USMCA umewekewa muda wa miaka 16, na mapitio ya pamoja katika mwaka wa 6, yaani kuanzia 1 Julai 2026. Mapitio hayafuti mkataba. Hata nchi moja ikikataa kuurefusha, unaendelea kufanya kazi huku mapitio yakifanyika kila mwaka. Nchi inayotaka kujitoa lazima itoe notisi ya miezi 6.

TN inaweza kunifikisha kwenye grini kadi?

Haizuii, lakini haikuundwa kwa hilo. Mwenye H-1B anaruhusiwa kuwa na nia mbili kwa wakati mmoja, wewe hapana: kila unapoingia unatakiwa kuwa na nia ya kukaa kwa muda. Mwajiri akianza kukuombea ukaazi wa kudumu, safari za nje na maombi mapya ya TN yanakuwa na hatari. Utaratibu salama ni kupanga mapema na mwanasheria wa uhamiaji lini uhamie H-1B, au lini fomu ya mwisho ya kuomba grini kadi ipelekwe ukiwa ndani na I-94 yenye muda wa kutosha. Baada ya fomu hiyo kupelekwa, usivuke mpaka, hata kwa harusi ya mwishoni mwa wiki Mississauga, kabla ya kupata kibali cha kusafiri.